Mafuta ya Lamu Hadi Mombasa: Hesabu Saa, Usihesabu Maili



Juma lililopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Matondoni. Kuna harusi ya ukoo hapa Mji wa Kale, Mombasa, na yeye na wenzake wameamua kuja kwa mashua badala ya basi. Mashua yenyewe ni ya tanga, ya futi 28. Lakini huu ni mwisho wa Machi, Kaskazi imeshakufa na Kusi haijashika, kwa hiyo wamefunga nyuma yake mashine ya petroli ya nguvu za farasi 15. "Mjomba," akaniuliza, "kutoka hapa hadi Mombasa ni mitungi mingapi? Wazee wa hapa wanasema mitano inatosha."

Mitungi mitano ni lita 100. Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia nitampigia baada ya Ishai, nikakaa barazani nikikumbuka safari ambayo huwa siisimulii sana.

Ilikuwa mwaka 2009, msimu huu huu wa maleleji. Ami yangu, ambaye alikuwa nahodha tangu kabla sijazaliwa, alikuwa na mashua ya futi 32 yenye mashine ya dizeli ya farasi 20 ndani. Binti yake alikuwa na miadi ya daktari wa macho Mombasa, Jumatatu saa nane mchana, miadi aliyoingoja miezi mitatu. Barabara ya Garsen wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo, ikinyesha haipitiki, na ami hakuwa mtu wa basi. Mimi nilikuwa kijana mwenye diploma mpya ya ufundi wa mitambo, na kazi ya kuhesabu mafuta nilipewa mimi. Niliifanya kwa dakika mbili. Lamu hadi Mombasa ni kama maili 130 na kitu za baharini. Tuseme 135. Mashua inakwenda maili 5 kwa saa, basi ni saa 27. Mashine inakula lita 2 na nusu kwa saa, basi ni lita 67 na nusu. Nikaweka 80 nikajiona nimekuwa mwangalifu. Ami alitazama karatasi, akasema, "Hesabu nzuri. Mkondo umeuandika wapi?" Nikamjibu kwamba mkondo si mkubwa. Akanyamaza. Nadhani alitaka diploma ile ifanye kazi yake.

Tuliondoka Jumapili baada ya sala ya Alfajiri. Bahari ilikuwa kama kioo na tanga lilining'inia kama nguo iliyoanikwa. Saa mbili usiku tulikuwa mkabala wa Malindi, saa 15 kamili kwa maili 75. Karatasi yangu ilikuwa sawa na nilijisifu. Kutoka pale mambo yakabadilika, ila kwa macho huoni kitu. Mashine ilikuwa inanguruma vile vile, maji yalipita ubavuni kwa kasi ile ile, lakini taa za nchi kavu hazikusogea. Watamu ilikataa kupita. Kulipopambazuka, mahali ambapo kwa hesabu yangu tungekuwa tunakaribia Mtwapa, tulikuwa bado hata Kilifi haijaachwa mbali. Saa nne asubuhi ya Jumatatu, tukiwa kama maili 9 kutoka Mombasa, mashine ilikohoa mara tatu ikazima. Majengo ya Shanzu tulikuwa tunayaona.

Kilichonishangaza ni kwamba kijiti cha kupimia kilionyesha mafuta bado yamo, kama lita 8. Yalikuwa chini ya tangi, pale bomba la kuvutia halifiki, na kila mashua ilipoyumba mafuta yakakimbilia upande mmoja na bomba likavuta hewa. Nanga haikuwa na faida, kwa sababu nje ya mwamba wa pwani yetu kina kinashuka ghafla na kamba yetu haikufika chini. Mkondo ukatubeba kurudi kaskazini, polepole, mchana kutwa, tukiangalia miji ile ile ikipita kwa mpangilio wa kinyume. Karibu na Magharibi upepo kidogo ulitoka baharini. Ami akatweka tanga na tukaingia mlango wa Kilifi saa tatu usiku. Maji ya kunywa yalibaki chupa mbili kwa watu watano. Binti wa ami alipewa miadi mingine baada ya miezi miwili. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo limenikaa rohoni kuliko kama angenitukana.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu najua vijana wengi wa Lamu, Faza, Kipini hadi Vanga wana mashua za tanga zenye mashine, na wengi wanaongeza mafuta kwa kauli ya "inatosha".

Jambo la kwanza ni hili: mashine haijui maili. Inajua saa. Inakula mafuta kwa saa inayofanya kazi, iwe mashua inasogea mbele, imesimama, au inarudi nyuma kwa sababu ya mkondo. Kwa hiyo swali si umbali gani, swali ni saa ngapi mashine itawaka, na kila saa inakula kiasi gani. Ukishazipata hizo mbili, kilichobaki ni kuzidisha.

Kiasi cha mafuta kwa saa usikichukue kwenye kitabu wala kwa muuzaji. Kipime. Jaza tangi hadi shingoni mashua ikiwa imetulia, endesha saa nzima kwa moto ule ule utakaousafiria, rudi, kisha jaza tena kwa chupa ya lita ukihesabu. Ulichomimina ndicho ilichokula. Fanya hivyo kwa moto mdogo, wa kati na mkubwa, uandike kwa rangi ndani ya mashua mahali ambapo hapafutiki. Ukitaka kujua kama kipimo chako kina akili, mashine ya dizeli hula takriban robo ya lita au pungufu kidogo, kwa kila nguvu ya farasi moja inayotumika kwa saa moja. Angalia neno "inayotumika". Farasi 20 zilizoandikwa kwenye kifuniko si lazima zote zifanye kazi. Mashine za petroli za nyuma, hasa zile za kuchanganya oili, hula karibu maradufu ya dizeli kwa kazi ile ile. Na hizo za kuchanganya zina hesabu yake nyingine: kama mchanganyiko ni sehemu 50 kwa 1, kila mtungi wa lita 20 unataka oili mililita 400. Wapo waliobeba petroli ya kutosha wakaishiwa oili katikati ya ghuba ya Ungwana.

Jambo la pili ndilo wengi hawaliamini mpaka walione: moto mkubwa ni hasara kubwa. Mashua ya mbao haikati maji, inayasukuma, na kila ukitaka kasi zaidi maji yanakukatalia kwa nguvu inayopanda haraka mno. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa haiwi mara mbili, inakaribia mara nane. Mashua ya ami nilikuja kuipima baadaye, nikiwa nimechelewa. Kwa maili 4 na nusu kwa saa ilikula lita 1.8. Kwa maili 6 ilikula lita 4.2. Chukua lita 60 kwenye maji yasiyo na mkondo: kwa mwendo wa kwanza unafika maili 150, kwa mwendo wa pili hufiki hata 90. Vijana husema wakikaza mashine watafika haraka kabla mafuta hayajaisha. Kweli watafika haraka mahali mafuta yatakapoishia.

Jambo la tatu ni mkondo, na hapa ndipo nilipoanguka. Pwani yetu ina mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima, kutoka Tanzania kupita Mombasa na Kilifi hadi Malindi. Wakati wa Kusi unapata nguvu na kuendelea mpaka Somalia. Wakati wa Kaskazi unapungua, na ule wa Somalia unageuka kuja kusini, ndiyo hiyo miwili ikakutana upande wa Malindi na Lamu na kutoka nje baharini. Ndiyo maana nilipata karatasi yangu sawa mpaka Malindi, kisha ikaharibika. Kutoka Malindi kuja Mombasa nilikuwa napambana na maji yanayokwenda maili 1 na nusu kwa saa kinyume changu. Mashua ilikwenda 5 majini, lakini juu ya nchi ilikwenda 3 na nusu. Maili 57 zikawa zinataka saa 16 badala ya 11 na nusu. Anayetoka Mombasa kwenda Lamu mkondo huo huo unamsaidia, na hapo ndipo uvumi wa "mitano inatosha" ulipozaliwa. Aliyesema alikuwa anakwenda. Mpwa wangu anakuja.

Mkondo unapimika bila chombo cha bei. Mtu asimame omoni, atupe kipande cha kumvi la nazi, na mwingine tezini ahesabu sekunde mpaka kimpite. Gawa urefu wa mashua kwa futi na hizo sekunde, kisha zidisha kwa 0.6. Mashua ya futi 28 ikipitwa kwa sekunde 4, ni 7 mara 0.6, yaani maili 4.2 kwa saa. Hiyo ni kasi yako ndani ya maji. Kisha fungua simu yako, iangalie setilaiti na ikupe kasi yako juu ya nchi (ukiseti isome maili za baharini, kwa sababu maili ya bahari ni kilomita 1.852, si 1.6 ya barabarani). Simu ikisema 2.7, basi mkondo unakula 1.5. Fanya hivi kila saa mbili. Sisi mwaka ule hatukuwa na simu ya namna hiyo, lakini makumvi tulikuwa nayo gunia zima na sikutupa hata moja.

Je, ukiwa na mkondo wa uso, upunguze moto au uongeze? Wengi huongeza. Jibu liko katikati. Ukipunguza sana, unakaa majini muda mrefu na mkondo unakurudisha. Ukikaza sana, unarudi kwenye ile hasara ya maji kukataa. Kwa mashua zetu, kipimo cha karibu ni kutoshuka chini ya mara moja na nusu ya kasi ya mkondo. Mkondo ukiwa 2, usiende chini ya 3 majini. Juu ya hapo, kila unachoongeza ni kununua muda kwa mafuta, na kuna wakati ni sawa kununua, kwa mfano usiku unaingia na mlango uko mbele.

Mengine niyapitie upesi. Upepo wa uso huongeza ulaji, na foromali iliyo juu ni kama tanga linalovuta nyuma, ishushe. Sehemu ya chini yenye mwani na viganda vya bahari ni kama kuburuta ndoo. Wazee waliokuwa wakipandisha vyombo na kupaka shahamu kila msimu hawakuwa wanafanya mapambo. Ukitoka Lamu, toka na maji yanayopwa, mlango utakutoa bure. Na upepo ukija hata mdogo, tweka. Tanga kidogo na moto kidogo kwa pamoja hushinda moto mkubwa peke yake. Umande wa usiku kutoka bara hauna sauti lakini umefikisha mashua nyingi.

Akiba sasa. Mafuta yote yaliyomo si mafuta yako. Toa kwanza yale ya chini ya tangi, ambayo kwa bahari inayoyumba yanaweza kuwa sehemu moja kwa kumi. Toa yenye maji: mitungi iliyokaa nje hukusanya maji, na maji hukaa chini ya mafuta, kwa hiyo acha mtungi utulie, mimina kupitia kichungi cha kitambaa, na kile cha mwisho usikimimine. Halafu ongeza theluthi juu ya hesabu yako yote. Wapo wanaosema theluthi ni nyingi. Mimi karatasi yangu ya mwaka 2009 ingeongezwa theluthi ingekuwa lita 90, na kwa hizo 90 tungefika Kilindini hata na makosa yangu yote, miadi ikiwa bado mbele.

Nilimpigia mpwa wangu baada ya Ishai. Nikamwuliza kama amepima. Akasema ndiyo, na nikafurahi. Kwa maili 4 na nusu kwa saa, mashine yake inakula lita 4. Tukaketi na hesabu, yeye huko na mimi huku. Lamu hadi Malindi maili 75, saa 17, lita 68. Malindi hadi Mombasa maili 57, lakini ukitoa mkondo anabaki na 3 kwa saa, hivyo saa 19, lita 76. Jumla 144, na theluthi 48. Lita 192. Mitungi kumi, si mitano.

Simu ilikuwa kimya kidogo. "Mjomba, mitungi kumi ya petroli na watu tisa?" Lilikuwa swali zuri kuliko la kwanza. Lita 200 za petroli ni kilo 150 hivi, kama watu wawili wazima, na ni moto uliokaa miguuni mwa watoto, kwenye mashua ambayo mtu atataka kuwasha jiko la makaa achemshe chai. Nilimwambia hilo halina mjadala: akina mama na watoto wapande basi. Barabara ya Garsen siku hizi ni lami. Kuhusu mitungi, ipo njia nyingine. Asibebe kumi. Abebe mitano, ambayo ni 68 na theluthi yake, afike Malindi mchana, aingie ghubani, anunue tena. Bei ya kituo Malindi ni nafuu kuliko anayouziwa kisiwani kwa chupa. Ili afike mchana, aondoke Lamu saa kumi alasiri, apite Ras Ngomeni mbali na mafungu akiwa macho, na saa tatu asubuhi atakuwa Malindi. Na kabla ya kuondoka, aache kwa mtu wa nchi kavu karatasi yenye majina, saa ya kutoka na saa ambayo asipoonekana walinzi wa pwani waarifiwe.

Aliridhika. Mimi nilikuwa nimeshaweka simu chini kabla ya kukumbuka kitu. Nikampigia tena nikamwuliza alipopima, mashua ilikuwa na nani ndani. Akasema yeye na rafiki yake. Nikamwambia apakie wale wanaume wote watakaosafiri, na mizigo ya harusi, na mitungi ikiwa imejaa, kisha apime upya.

Jana amenijulisha. Si lita 4 tena, ni 5, kwa kasi ile ile. Tumerudia hesabu: hadi Malindi 85 na theluthi yake 28, ni 113. Kutoka Malindi 95 na 32, ni 127. Kwa hiyo mitungi sita ya kuondokea na saba ya kumalizia. Safari ni Alhamisi, inshallah. Mtungi wa sita ameupata kwa jirani, wa saba bado anautafuta.